Cheche Niliyosema Nimeiona

Kemi mwanangu,

Baba yako yuko uani anafunga godoro lako. Amelizungushia kamba mpaka limekuwa kama gogo, na bado anatafuta kamba nyingine. Nilipomwambia nakuandikia maneno machache ya kuagana alisema, "Anza wewe, nikimaliza hapa nakuja kuongezea yangu." Kwa hiyo naandika haraka kabla hajaja.

Sitakuagiza chochote. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na watu wa kuwaamkia kwanza ukifika, shangazi yako amekwisha kuzisema zote, nyingine mara mbili. Kilichoniketisha hapa ni swali lako la jana tulipokuwa tunamenya ndizi. Uliniuliza bila kunitazama: "Mama, mgonjwa akiletwa pale zahanati na niko peke yangu, nisijue ana nini, nitafanyaje?" Nami nikasema Mungu atakusaidia, nikainuka kwenda kuchochea kuni ambazo zilikuwa zinawaka vizuri tu. Nilikukimbia. Nilijua umeniuliza kitu cha kweli, maana kisiwa kile unakopelekwa kazini si Bukoba, ziwa likichafuka hakuna boti, na hao wavuvi watakuja kwako kwa sababu hawana kwingine pa kwenda.

Leo najibu.

Hadithi ya pikapu unaijua. Kila mgeni akija nyumbani baba yako humsimulia: jinsi tumbo lilivyomshika njiani, gari likazimika, na mke wake ambaye hakujua hata boneti inafunguliwa wapi akachungulia, akagusa waya mmoja, injini ikanguruma. Wageni hucheka, baba yako hucheka kuliko wao. Mimi huwa naondoka kwenda kuleta chai. Haikuwa hivyo, Kemi. Anaisimulia hivyo kwa kunipenda, na pia kwa sababu sehemu kubwa ya siku ile hana kumbukumbu nayo.

Ulikuwa darasa la pili, tulikuacha Kanazi kwa bibi yako. Wakati ule baba yako alikuwa anafuata dagaa kwenye mwalo mmoja, pale wavuvi wanapoegesha, upande wa Muleba, wale wanaoletwa na maboti kutoka visiwani, anawapeleka sokoni Bukoba. Safari ile nilikwenda naye ili nichague dagaa mwenyewe, kwa sababu mara ya mwisho walimpa wenye mchanga. Tangu jioni ya jana yake alikuwa analalamika tumbo, kuzunguka kitovu. Asubuhi alisema limehamia kulia, chini. Nikamwambia turudi. Akasema ni ule muhogo wa kukaanga aliokula njiani. Tukapakia magunia.

Tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Masanja, mvuvi mtu wa Sengerema aliyekuwa akiishi kisiwa cha Goziba, mrefu, mpole, alikuwa anakwenda Bukoba kumwona dada yake. Alikaa nyuma juu ya magunia. Ile barabara ya kutoka mwaloni kupanda hadi barabara kuu unaijua ilivyo, mawe na nyasi tu, nyumba hakuna mpaka ufike juu kwenye vibanja vya migomba. Mvua ilikuwa imenyesha. Nusu ya mlima baba yako akasimamisha gari, akaniambia, "Adela, shika usukani, siwezi." Mimi nilikuwa nimejifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira wa shule, basi. Tukabadilishana viti. Alipokuwa anazunguka mbele ya gari alitembea ameinama kama anatafuta kitu chini.

Sikwenda mbali. Tulipita kwenye shimo, gari likaruka, likakohoa mara moja, likazimika.

Nikawasha. Stata ilizunguka vizuri, nya-nya-nya-nya, lakini injini haikushika. Nikawasha tena, na tena. Hivyo ndivyo nilivyoanza, mwanangu, kwa kurudia jambo lile lile kwa nguvu zaidi kwa sababu sikujua lingine. Baba yako alikuwa amejikunja kwenye kiti, magoti kifuani. Akanishika mkono.

"Acha! Betri ikifa tumekwisha. Sikiliza. Gari linataka mafuta na linataka moto. Kimoja kimepotea. Usiguse kitu mpaka tujue ni kipi."

Masanja alikuwa ameshuka. "Shemeji, nisukume?"

"Kama halina moto utasukuma mpaka Bukoba," baba yako akamjibu. "Mfungulie boneti shemeji yako."

Kwa hiyo nikawa mikono yake na macho yake. Aliniambia ninuse kwenye kabureta, nikanusa, petroli ilinipanda hadi machoni. "Mafuta yapo," nikasema. "Basi ni moto." Chini ya kiti kulikuwa na plagi ya akiba. Nikachomoa waya mmoja wa plagi, nikauchomeka kwenye ile ya akiba, nikailaza juu ya chuma cha injini kama alivyoniagiza, Masanja akazungusha swichi. Sikuona kitu. Plagi ilikaa pale kimya kama jiwe.

Simu yangu haikuwa na mtandao. Ya baba yako vilevile. Masanja akatazama mlima, akamtazama baba yako, akavua viatu vyake vya mpira. "Napanda juu," akasema. "Nikipata mtandao au nikipata watu, vyovyote." Akaondoka anakimbia kwenye tope, nasi tukabaki wawili.

Sasa nifuate vizuri, maana hapa ndipo penye hadithi yenyewe.

Baba yako alisema: "Chomoa waya mnene wa katikati, ule unaotoka kwenye koili, kile kikopo kinachozalisha moto, kuingia kwenye kofia ya distributa inayougawia plagi. Ushike kwa kitambaa kikavu. Ncha yake isogeze karibu na chuma, isiguse. Mimi nitazungusha swichi. Ukiona cheche inaruka, koili ni nzima, ubovu uko kwenye kofia, tutaikausha tuondoke. Usipoiona, ubovu uko nyuma zaidi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Tazama vizuri, waitu, mke wangu. Vizuri."

Kufikia swichi ilimbidi ajinyooshe. Nilimsikia. Hakulia, alitoa sauti kama ya mtu anayenyanyua gunia, na injini ikazunguka. Khanga niliyoshikia ilikuwa na matone ya maji. Jua lilikuwa limechomoza kati ya mawingu. Kitu kikametameta.

"Umeiona?"

Nikawaza kwamba nikisema sijui, atajinyoosha tena. Nikawaza pia kwamba kofia ni kitu cha kukausha tu, kazi ya khanga, kazi ninayoiweza. Nikasema, "Nimeiona."

"Ya bluu?"

"Ya bluu."

Kemi, sikukusudia kumdanganya. Nilikuwa nimeitamani ile cheche kiasi kwamba nilipoulizwa rangi yake rangi ilikuja yenyewe. Wewe utakuwa unapima watu homa, utasikiliza moyo wa mtoto tumboni mwa mama yake huku mama na mume wake wanautazama mdomo wako waone utasema nini. Utaona jinsi jibu linavyoweza kuja kabla ya jambo lenyewe. Mimi nilijifunza pale kwenye matope.

Tukaenda kwenye kofia. Nikaifungua, nikaikausha ndani na nje kwa upande mkavu wa khanga, nikaikwangua kwa kisu pale alipoelekeza, nikaifunga. Akawasha. Nya-nya-nya, bure. Akaniambia niangalie kama ina ufa. Haikuwa na ufa. Nikaifungua tena, nikapangusa rota iliyo ndani yake, nikarudisha. Bure. Stata sasa ilikuwa imeanza kuzunguka kwa uvivu.

Baba yako alikuwa amefumba macho, anaongea peke yake. "Haiwezekani. Kama moto unatoka kwenye koili, na kofia ni kavu, haiwezekani." Mtu aliyekuwa akifungua na kufunga gari lile tangu kabla hatujaoana alikuwa amelala pale anatafuta kosa kwenye akili yake mwenyewe, kumbe kosa lilikuwa kwenye neno langu. Hata hivyo sikusema. Nilijiambia labda kweli niliiona.

Halafu likatokea jambo la pili. Akafumbua macho, akanyoosha miguu polepole, akasema kwa mshangao, "Adela, maumivu yameisha."

"Yameisha kabisa?"

"Karibu yote. Afadhali sana."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikakaa kwenye jiwe kando ya barabara, nikanawa mikono kwenye dimbwi, nikafunga khanga yangu upya. Chini kule ziwa lilikuwa jeupe, tulivu, na inzi walikuwa wamejaa juu ya magunia ya dagaa. Nilijiambia sasa hakuna haraka, Masanja atarudi na watu, gari litavutwa, jioni tutakula nyumbani. Nilikaa pale mpaka kivuli cha mwamba kikavuka barabara. Ukitaka kujua ni kitu gani kinaniamsha hadi leo, ni kule kukaa kwenye jiwe.

Kilichoniinua ni kutomsikia. Nilimwita, akajibu kwa kuchelewa. Nilipofika mlangoni alikuwa anatetemeka kwa baridi na jasho linamtiririka. Nikaweka mkono tumboni pake, lilikuwa gumu kama ubao. Sikujua maana yake, wewe ungejua. Nilijua tu kwamba mtu aliyepona hawi hivi.

Nikamwambia. Nilipiga magoti pale pembeni ya kiti nikasema, "Mutalemwa, ile cheche sikuiona." Huwa simwiti jina lake. "Nilisema tu. Sijui kama ilikuwepo."

Nilingoja anigombeze, na kwa kweli ningepata nguvu kama angenigombeza. Akasema, "Basi tunarudi kwenye koili." Kwa sauti ile ile ya mwanzo. Hajawahi kulitaja tena, na sijui kama anakumbuka.

"Siwezi kuzungusha swichi tena," akasema. "Utafanya peke yako. Washa swichi, stata usiiguse. Tafuta kipande cha waya kwenye boksi. Kwenye koili kuna waya mwembamba unaokwenda kwenye distributa. Pale unapofungwa kwenye koili, ndipo utakapogusisha kipande chako, upande wa pili gusisha kwenye chuma cha injini. Halafu achanisha ghafla. Ule mnene uwe karibu na chuma kama mwanzo. Ukiachanisha, koili ikiwa nzima lazima iteme cheche."

"Nikifanya hivyo na isipotema?"

Nikadhani anafikiri. Nikainama nikaona midomo inatembea bila sauti.

Kwa hiyo niliwasha swichi, nikachukua kipande cha waya, nikaenda mbele ya gari peke yangu. Mara hii nilifanya kitu ambacho sikufanya mwanzo: nilivua kitambaa cha kichwa nikakining'iniza kwenye ukingo wa boneti iliyo wazi ili kuwe na kivuli, nione. Waya mnene niliukaza kwa jiwe, ncha yake karibu na chuma. Nikagusisha kile kipande. Nikaachanisha.

Tah!

Niliiona na niliisikia, na ilinitia mtetemo kwenye vidole. Hata hivyo sikujiamini. Nikarudia. Tah! Nikarudia tena, ikaruka tena, ndogo, ya bluu, mahali pale pale. Ndipo niliposema kwa sauti, ingawa hakuna aliyekuwa ananisikiliza: koili ni nzima. Swichi ni nzima. Kati ya koili na distributa kuna nini? Kuna ule waya mwembamba tu.

Nilikuwa nimeutazama ule waya tangu mwanzo. Niliupita mara kadhaa kwa macho, mweusi, mzima, umefungwa vizuri huku na huku. Sasa nikaushika nikauvuta kidogo. Ukavutika kama mpira. Nyaya za ndani zilikuwa zimekatika, ngozi ya nje ndiyo iliyoushikilia. Lile shimo tuliloruka ndilo lililoumalizia.

Nikaukata, nikaumenya kwa meno pande zote mbili, nikasokota ncha kwa ncha, nikafunga kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Nikarudisha waya mnene. Nikaingia kwenye gari, nikasogeza miguu ya baba yako, nikawasha. Stata ilizunguka kama inayokata roho, mara moja, mara mbili, na injini ikashika.

Sikushangilia. Niliogopa kuondoa mguu kwenye mafuta.

Juu kidogo nikakutana na Masanja anateremka na wanaume wa kwenye vibanja, wamebeba machela ya miti na blanketi, yeye hana viatu na miguu inatoka damu. Nikapiga kelele dirishani kwamba siwezi kusimama, gari litazimika. Hawakuuliza swali. Wakatupa machela nyuma juu ya magunia, wakalisukuma gari mpaka likavuka tope la mwisho, na Masanja akarukia ubavuni akaingia, akakishika kichwa cha baba yako kwenye mapaja yake. Akawa anamsemesha njia yote. "Kaka, niambie jina la mtoto wako. Kaka, anasoma darasa la ngapi?" Jina lako lilitajwa sana kwenye gari lile, Kemi. Mimi niliendesha kwenye lami kwa mara ya kwanza maishani mwangu, malori yananipigia honi, na sikujua hata pa kuwasha taa.

Hospitalini daktari kijana aliniuliza, "Maumivu yalipungua saa ngapi?" Nikajibu kwa furaha kidogo, nikidhani nampa habari njema, kwamba yalikwisha tulipokuwa bado mlimani. Akaacha kuandika. Akamwita muuguzi, wakaondoka na kitanda wanakimbia. Baadaye alinieleza kwa upole kwamba kidole tumbo kikipasuka maumivu hutulia kwa muda, na watu wengi hukaa wakapumzika. Nikamwambia, ndiyo, tulipumzika.

Unajua alipona. Unajua kovu lake, jinsi lilivyo pana, maana walimfungua mara mbili na usaha ulitoka siku nyingi kupitia mpira. Masanja alikaa nami kwenye benchi mpaka dada yake akaja kumchukua. Alirudi Goziba, tukaonana naye mara chache, kisha akahamia upande wa Ukerewe. Ukikutana na mzee mrefu huko visiwani mwenye jina hilo, mwambie wewe ndiye yule mtoto.

Lakini kuna jambo ambalo baba yako halisimulii kabisa, kwa sababu alikuwa hajitambui. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na kijana kutoka Izimbya, ugonjwa ule ule. Ndugu zake walikuwa wamemleta mapema kuliko sisi, gari lao halikuzimika popote, walifanya kila kitu sawasawa. Akafa. Mama yake alikuwa wa umri wangu. Aliniomba nimsaidie kukunja shuka, tukashika pembe, tukakunja, akaniambia, "Wa kwako anapumua vizuri leo." Hakusema kwa wivu.

Ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba ukienda hatua kwa hatua, ukasema "sijaona" pale ambapo hujaona, ukakataa kukaa kwenye jiwe, watapona wote. Fanya hivyo, tafadhali. Fanya hivyo hata wanakutazama. Nilichopata mimi siku ile ni waya uliokatika. Kupona kwa baba yako hakukutoka kwangu, tulipewa, na yule mama alinyimwa, na hakuna anayejua kwa nini.

Kwa hiyo atakuwepo mtu atakayekufia mikononi huko, na utakuwa umefanya kila ulichofundishwa. Siku hiyo usikae peke yako na shuka. Wanasema mtandao unapatikana ukipanda nyuma ya kanisa la kisiwani. Panda unipigie, saa yoyote, hata nikiwa kwenye misa nitatoka nje. Sitakuuliza ulimpa dawa gani wala kwa nini. Ukitaka kuongea utaongea. Ukishindwa kuongea, acha simu ikiwa wazi, nami nitakaa upande huu nikusikie unapumua mpaka utakapoweza kushuka.

Baba yako anakuja, amemaliza kamba zote.

Mama yako,
Adela